Zuio la muda la mahakama: namna uamuzi wa serikali unavyosimamishwa kesi ikiendelea

Tarehe 16 Januari 2013, barua ilitoka katika ofisi ya katibu wa wizara mjini Nairobi. Ilieleza kwamba wakimbizi waishio mijini wangeanza kuondolewa na kupelekwa kambini, na kwamba awamu ya kwanza ingewahusu watu 18,000. Kazi hiyo ilipangwa kuanza tarehe 21 ya mwezi huo huo, na uwanja wa michezo wa Thika ungetumiwa kuwahifadhi wahusika kabla ya safari. Kwa mujibu wa tangazo lililotolewa mwezi mmoja kabla, Wasomali wangepelekwa Dadaab, na wakimbizi wa nchi nyingine zote wangepelekwa Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya.

Wakimbizi wa Nairobi hawakuwa watu waliofika jana. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali waliokwisha kufungua maduka, kupanga nyumba na kuwaandikisha watoto shuleni. Kuhamishwa kwao kungefuta yote hayo kwa siku chache.

Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na wakimbizi saba walikwenda Mahakama Kuu. Walijua kwamba kesi kamili ingechukua miezi, huku malori yakiweza kufika wiki ile ile. Kwa hiyo waliomba mambo mawili kwa wakati mmoja: kwanza, mahakama itamke kwamba uamuzi wa serikali ni kinyume cha Katiba, pili, hadi itakapotamka hivyo au vinginevyo, uamuzi huo usitekelezwe. Tarehe 23 Januari 2013 mahakama ilikubali ombi la pili. Ombi la kwanza lilijibiwa tarehe 26 Julai 2013, pale Jaji David Majanja alipoubatilisha uamuzi wa serikali.

Kati ya Januari na Julai kuna miezi sita, na miezi hiyo ndiyo inayozungumziwa katika makala haya. Bila amri ya Januari, hukumu ya Julai ingewakuta washindi wakiwa kambini, biashara zao zimefungwa na nyumba zao zimepangishwa wengine. Makala haya yanaeleza amri ya namna hiyo ni nini, hutolewa kwa vigezo gani, huombwa vipi na hukomea wapi. Kenya ndiyo mfano mkuu, kisha tutazitazama Tanzania, Uganda na Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha.

Maana yake

Zuio la muda ni amri ya mahakama inayoagiza jambo fulani lisifanyike, au lisiendelee kufanyika, mpaka kesi isikilizwe. Halisemi nani ana haki. Linasema tu kwamba, kabla ya haki kujulikana, kitu kinachogombaniwa kisiharibiwe.

Nchini Kenya, dhidi ya vyombo vya umma, amri hii huitwa amri ya kuhifadhi hali iliyopo. Tofauti yake na zuio la kawaida ni kwamba haihusu tu ugomvi wa watu wawili juu ya shamba au deni. Inahusu mamlaka ya dola na mipaka yake: notisi ya kubomoa makazi, agizo la kumfukuza mgeni nchini, kufutwa kwa leseni, kodi mpya, kufungwa kwa kambi au shule.

Amri ya aina nyingine iliyo karibu nayo ni ile ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Hiyo huombwa na aliyeshindwa mahakamani anapotaka hukumu isitekelezwe mpaka rufaa yake isikilizwe. Serikali nazo huiomba mara kwa mara, kama tutakavyoona.

Msingi wake katika Katiba ya Kenya

Katiba ya mwaka 2010 imeutaja msaada huu waziwazi. Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani anapodai kwamba haki yake ya msingi imenyimwa, imekiukwa au inatishiwa. Neno la kuzingatia hapo ni “inatishiwa”: si lazima mtu angoje nyumba ivunjwe ndipo ashtaki. Ibara hiyo inasema “kila mtu”, wala haisemi “kila raia”. Ndiyo maana wakimbizi wa mwaka 2013 walisikilizwa. Inaruhusu pia mtu kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma.

Ibara ya 23 inaorodhesha nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa, na amri ya kuhifadhi hali iliyopo imo katika orodha hiyo. Ibara ya 47 inamtaka kila ofisa wa umma atende kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa utaratibu wa haki. Na pale uamuzi unapoathiri haki ya mtu, mtu huyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Katiba imepunguza pia vikwazo vya mlangoni. Ibara ya 22 inakataza kutozwa ada kwa kufungua shauri la haki za msingi, na Kanuni za mwaka 2013 zinazoongoza mashauri hayo zinairuhusu mahakama kupokea hata barua au maombi ya mdomo, mradi yaonyeshe haki iliyokiukwa. Hata hivyo, kuruhusiwa si sawa na kushauriwa. Maombi yaliyoandikwa vizuri, yenye ushahidi, yana nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa siku ambayo jaji ana mafaili mengi mezani.

Mahakama hupima nini

Vigezo vya kale vya zuio la muda vilitolewa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown. Mahakama hiyo ilikuwa ya pamoja, na mpaka leo kesi hiyo hutajwa katika mahakama za eneo hili. Vigezo vyake ni vitatu.

Kwanza, mwombaji aonyeshe kwamba kesi yake ina msingi na ina dalili za kufanikiwa. Hatakiwi kuithibitisha yote, ila haitoshi kulalamika tu.

Pili, aonyeshe kwamba asipopewa zuio atapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha. Mshahara uliocheleweshwa unaweza kulipwa baadaye. Lakini mtu aliyerudishwa katika nchi aliyoikimbia, kaburi lililofukuliwa au msitu uliokatwa, havirudishwi kwa hundi.

Tatu, pale mahakama inapokuwa na shaka, huweka pande mbili kwenye mizani na kuuliza ni upande gani utaumia zaidi: mwombaji akinyimwa zuio, au mjibu maombi zuio likitolewa.

Katika mambo ya umma kipimo kimepanuka. Mwaka 2014, katika shauri lililotokana na uchaguzi wa gavana wa Kaunti ya Meru, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba amri ya kuhifadhi hali iliyopo ina sura ya sheria ya umma. Haitazami hasara ya mwombaji peke yake. Inatazama pia uzito wa kesi yenyewe, maadili ya Katiba na maslahi ya umma. Kwa hiyo mwombaji anaweza kuwa na kesi nzuri na bado akanyimwa zuio, ikiwa kulitoa kungewaumiza watu wengi kuliko kutolitoa.

Kigezo kimoja zaidi hakiandikwi kwa herufi kubwa, lakini huamua mashauri mengi: wakati. Aliyepata notisi ya siku kumi na nne akaenda mahakamani siku ya kumi na tatu ataulizwa alikuwa wapi. Aliyekwenda siku ya kumi na tano huenda akakuta hakuna tena cha kuhifadhi, maana mahakama haizuii jambo lililokwisha kutendeka.

Hatua kwa hatua

Safari huanza kabla ya mahakama. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inamtaka mlalamikaji atumie kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya taasisi husika, kama vile bodi au baraza la usuluhishi. Mahakama inaweza kumsamehe sharti hilo kukiwa na hali ya pekee, lakini ni lazima aombe asamehewe na aeleze kwa nini. Maombi mengi hukwama hapa, si kwa sababu mwombaji hana haki, bali kwa sababu ameruka ngazi.

Hatua ya pili ni kukusanya karatasi. Inahitajika nakala ya uamuzi wenyewe: barua, notisi, tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali au lile lililotolewa kwa vyombo vya habari. Kama uamuzi ulitolewa kwa mdomo, mwombaji aeleze katika kiapo ulitolewa na nani, lini na mbele ya nani. Picha zenye tarehe, hati za upangaji, vibali, vitambulisho na barua za malalamiko zilizokosa majibu vina uzito wake.

Hatua ya tatu ni kufungua shauri. Ombi la zuio halisimami peke yake. Hupandishwa juu ya kesi kuu. Kwa hiyo huwasilishwa ombi la kikatiba lenyewe, kisha maombi ya zuio, kiapo cha mwombaji kinachoeleza ukweli wa mambo, na hati ya dharura inayomweleza jaji kwa nini jambo hili lisingoje zamu yake.

Hatua ya nne ni jaji kuyasoma maombi hayo, mara nyingi siku hiyo hiyo au siku inayofuata. Anaweza kutoa amri ya siku chache akiwa amesikia upande mmoja tu, au akaagiza upande wa pili upewe nyaraka kwanza na wote wafike mbele yake. Anayesikilizwa peke yake ana wajibu mzito wa kusema yote anayoyajua, hata yanayomdhuru. Ikigundulika kwamba alificha jambo, amri huondolewa, na imani ya mahakama huondoka nayo.

Hatua ya tano ni kuikabidhi amri kwa wahusika: taasisi iliyotoa uamuzi, Mwanasheria Mkuu, na maofisa walio uwanjani kama vile mkuu wa polisi wa eneo. Amri iliyobaki ndani ya faili haizuii tingatinga. Walioizoea kazi hii huhifadhi nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu itahitajika kama amri itavunjwa.

Hatua ya sita ni kusikilizwa kwa pande zote mbili juu ya zuio, kisha kesi kuu. Amri ya muda huwa na tarehe ya kukoma. Ikifika bila mtu kuomba iongezwe, hukoma yenyewe, na serikali iko huru kuendelea.

Amri inapopuuzwa

Mnamo Septemba 2011, wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mjini Nairobi, walisoma magazetini kwamba wana siku saba za kuondoka. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa ndege. Chama chao kilikwenda Mahakama Kuu na kupata amri ya kuzuia uvunjaji. Hata hivyo, tarehe 19 Novemba 2011 kijiji kilivunjwa, amri ikiwa bado na nguvu.

Kilichofuata kinaonyesha gharama ya kupoteza hali iliyopo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliwapa wakazi ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliutengua. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu yake, ikatambua kwamba wakaao muda mrefu katika ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi yenye kulindwa, kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu ili nafuu ipangwe. Miaka zaidi ya tisa ilikuwa imepita. Kisheria hukumu hiyo ni nguzo inayotegemewa na wakazi wa mitaa mingine. Lakini kwa aliyelala nje usiku wa Novemba 2011, jambo lililokuwa na maana ni amri ile ya muda, nayo haikuheshimiwa.

Kuvunja amri ya mahakama ni kosa la kudharau mahakama, na ofisa wa serikali hana kinga kwa sababu ya cheo. Machi 2018, mwanasiasa Miguna Miguna alisafirishwa kwa nguvu kutoka Nairobi wakati kulikuwa na amri za mahakama za kuachiliwa kwake. Jaji George Odunga aliwapata na hatia maofisa watatu wa ngazi ya juu, akiwemo waziri wa usalama wa ndani, na kuwatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Hata hivyo, Miguna alirejea Kenya Oktoba 2022 tu, serikali ilipokuwa imebadilika. Adhabu kwa ofisa haikumrudisha aliyekwisha kuondolewa.

Amri inapoondolewa

Upande wa pili wa mizani huonekana vizuri katika Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Sheria hiyo ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani katika mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, pamoja na tozo nyingine. Seneta Okiya Omtatah na wenzake waliipinga, na tarehe 30 Juni 2023, siku moja kabla ya mwaka mpya wa fedha, Mahakama Kuu iliusimamisha utekelezaji wake. Serikali ilikata rufaa, ikisema bajeti ya taifa haiwezi kuning’inia. Tarehe 28 Julai 2023 Mahakama ya Rufani iliiondoa amri hiyo, na kodi zikaendelea kukusanywa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba sheria nzima ilikuwa batili. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo na kuirejesha sheria. Msomaji atayaona humu mambo mawili. La kwanza, kuwa na zuio mkononi si kushinda, na kulipoteza si kushindwa. La pili, pale mamilioni ya watu na hazina ya taifa vinapoguswa, mahakama husita zaidi kusimamisha, hata kama ina shaka na sheria yenyewe.

Kwa kulinganisha, tarehe 24 Machi 2021 serikali ya Kenya ililipa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi siku 14 za kutoa mpango wa kuzifunga kambi za Dadaab na Kakuma. Tarehe 8 Aprili 2021 Mahakama Kuu ilisimamisha hatua hiyo kwa siku 30. Hapo mizani ilielemea upande mwingine: kuchelewa kwa mwezi mmoja kungeigharimu serikali kidogo, lakini kufungwa kwa haraka kungewaacha mamia ya maelfu ya watu bila mahali pa kukaa.

Tanzania na Uganda

Njia ni ya ukoo mmoja katika nchi hizi, ila milango na saa za kufungwa ni tofauti.

Nchini Tanzania, anayetaka kuishtaki serikali kwa kesi ya kawaida ya madai anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Kwa anayekabiliwa na uvunjaji wiki ijayo, siku 90 ni umri mzima. Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Tanzania imekuwa ikipokea maombi ya zuio la kipindi cha kungojea notisi hiyo iishe, hata kabla ya kesi kufunguliwa. Njia nyingine ni maombi ya mapitio ya mahakama juu ya uamuzi wa kiutawala. Huko mwombaji hupaswa kwanza kuomba kibali, naye hupaswa kufanya hivyo ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe.

Nchini Uganda, maombi ya mapitio ya mahakama hupaswa kuletwa ndani ya miezi 3 tangu sababu ya malalamiko ilipotokea, isipokuwa mahakama iongeze muda kwa sababu nzuri. Ibara ya 42 ya Katiba ya Uganda inamhakikishia kila anayefika mbele ya ofisa wa umma kutendewa kwa haki, na ibara ya 50 inafungua mlango wa kudai haki za msingi mahakamani.

Katika nchi zote mbili vigezo vya msingi vinafanana na vile vya Kenya: kesi yenye uzito, hasara isiyofidika, na mizani ya pande mbili.

Mlango wa Arusha

Kwa wakazi wa nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda, kuna mahakama nyingine. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ina makao yake Arusha, pamoja na ofisi ndogo za masjala katika baadhi ya miji mikuu. Mkaaji wa nchi mwanachama anaweza kupeleka shauri moja kwa moja akidai kwamba sheria, agizo au kitendo cha nchi mwanachama kinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Halazimiki kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nchi yake. Ibara ya 39 ya Mkataba inaipa mahakama hiyo uwezo wa kutoa amri za muda, nazo zina nguvu sawa na uamuzi wake hadi kesi itakapokwisha.

Uwezo huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang’ Nyong’o na wenzake walipinga jinsi Kenya ilivyowapata wajumbe wake tisa wa Bunge la Afrika Mashariki, wakisema hawakuchaguliwa bali waliteuliwa. Tarehe 27 Novemba 2006, siku chache kabla ya wajumbe hao kuapishwa, mahakama iliwazuia kwa muda. Tarehe 30 Machi 2007 iliamua kwamba utaratibu uliotumika ulikwenda kinyume na Mkataba.

Serikali za nchi wanachama hazikufurahishwa na amri ya Novemba. Ziliharakisha kuubadilisha Mkataba: mahakama ikagawanywa katika Kitengo cha Awali na Kitengo cha Rufani, na ukawekwa ukomo mkali wa muda. Leo shauri la mtu binafsi lazima lifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu kitendo kinacholalamikiwa kifanyike, au tangu mlalamikaji apate kukijua. Mahakama hiyo imekuwa kali juu ya ukomo huo, na mashauri yamekataliwa kwa kuchelewa. Aidha, Mkataba unataja Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo nyaraka za Kiswahili huhitaji kutafsiriwa. Na muda wa kutafsiri nao umo ndani ya miezi miwili hiyo.

Kinachobaki mkononi

Hadithi ya wakimbizi wa Nairobi haikuishia Julai 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi wa Jaji Majanja. Lakini kabla ya hapo, Machi 2014, serikali ilikuwa imetoa agizo jingine la kuwataka wakimbizi warudi kambini, safari hii kwa kuzitangaza kambi rasmi katika Gazeti la Serikali. Agizo hilo nalo lilipingwa, na Juni 2014 Mahakama Kuu, mbele ya jaji yule yule, iliyakataa maombi. Serikali ilikuwa imejifunza kutokana na makosa ya kwanza, na sheria ilisomwa upya juu ya mambo mapya.

Kwa hiyo anayelikimbilia zuio la muda anapaswa kujua analoomba. Haombi ushindi, wala ulinzi wa milele. Anaomba muda: muda wa kusikilizwa akiwa bado ndani ya nyumba yake, akiwa bado na kazi yake, akiwa bado ndani ya mipaka ya nchi anayoishi. Katika mashauri dhidi ya dola, mara nyingi kitu hicho ndicho kinachoifanya hukumu ya mwisho iwe na mtu wa kumfaa.

Na kwa kuwa muda ndicho kitu kinachoombwa, ndicho pia kisichopaswa kupotezwa. Siku ile notisi inapofika, iandikwe tarehe iliyopokelewa. Zitafutwe sababu za uamuzi kwa maandishi. Itumike njia ya rufaa iliyopo ndani ya taasisi, na kama haipo au haiwezi kusaidia kwa wakati, sababu hiyo iwekwe kwenye kiapo. Utafutwe msaada wa wakili au wa shirika la msaada wa kisheria siku za mwanzo, si siku ya mwisho. Amri ikipatikana, ifikishwe kwa kila anayepaswa kuitii, na tarehe yake ya kukoma ikumbukwe na kila anayeitegemea.